Ngumi ya Kushoto

Jioni, kabla wanafunzi hawajafika, Evariste anafagia vumbi la simenti kwenye sale, ukumbi wa kung-fu, nyuma ya depo ya Bruce, mwenye jengo, hapa Ngezi, Bunia. Wanafunzi wanavua viatu mlangoni. Mwalimu Anselme anafika wa mwisho, maana anatoka mbali: alikufa wakati wa vita, kwenye barieri ya wanamgambo, njia ya Aru. Anavua bote zake zenye matope, anaziweka pamoja na viatu vingine.

Ndiye aliyemfundisha Evariste tangu utoto, lakini alikufa kabla ya kumwonyesha mwisho wa fomu ndefu, ule mfululizo wa mapigo na hatua, na huo mwisho Evariste ameutafuta maisha yake yote. Alimwendea Mama Kavira, aliyekwenda Uchina kununua vitenge akarudi na tai-chi. Mama alijua kupumua tu, ila kupumua alikujua kweli. Halafu akaja Bwana Lin, Mchina wa kujenga barabara, akamrekebisha magoti. Siku ya kuagana, Lin alimwangalia anavyosalimia, akacheka.

«Nyinyi munasalimia na ngumi ya kushoto. Kwetu, vile tunasalimia wafu.»

Jamani! Kosa lilikuwa la Anselme. Alijifunza kwa kasete, akaiga televizyo kama mtu anayejitazama kwenye kioo, kulia kukawa kushoto, na nusu ya Bunia ikaiga kwake. Kumbe ndiyo sababu muzee anarudi kila jioni: anaitwa. Evariste hakurekebisha kitu. Angerekebisha, nani angemwonyesha mwisho?

Juzi Anselme akasema, «Leo tunamaliza.»

Wakacheza fomu mpaka pale Anselme alipoiachia zamani. Bruce alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, anakunywa chai yake.

«Mwalimu,» Evariste akauliza, pumzi zikimkata, «ile siku kwa barieri, nani alikupiga risasi?»

«Bruce. Shusha goti, iko juu sana.»

«Ilikuwa vita,» Bruce akasema palepale kitini. «Na hii sale niliwapatia bure.»

«Ulitupatia, ndiyo,» Anselme akajibu. «Evariste, endelea.»

Hasira ikampanda Evariste mpaka macho yakawaka. Bruce alikuwa karibu, hatua moja tu, na mkono ulikuwa tayari.

«Sasa fungua ngumi,» mwalimu akasema. «Shusha mikono. Rudi pale ulianzia. Imeisha.»

Ndio mwisho wenyewe huo. Evariste akafungua ngumi, akashusha mikono, akalia mbele ya watoto wa watu bila kujificha. Bruce akapiga makofi.

Leo sale imejaa. Evariste amewasalimia wote kwa ngumi ya kushoto, ile ya wafu, Bruce naye, na Bruce amejibu vizuri kabisa. Ufunguo wa sale bado uko mfukoni mwa Bruce. Bote za Anselme ziko mlangoni, kando ya viatu vya Bruce vilivyopigwa rangi, na wanafunzi waliochelewa wanaziruka tu, wanaingia.