Wiki Mbili Nyuma

Kazini wananiita Mama Friji, na jina hilo halijawahi kuniudhi. Miaka ishirini na miwili nimekaa na majokofu matatu ya damu katika chumba cha chini cha hospitali, chumba chenye dirisha moja linalotazama miguu ya wapita njia. Kila mfuko wa damu unaopanda wodini umepita mikononi mwangu. Watu wazima na vyeti vyao huja pale mlangoni kwa adabu, kwa sababu wanajua nina mdomo na kosa dogo silinyamazii.

Kwa hiyo asubuhi ile programu ya damu ilipogoma kufunguka, sikuogopa. Nilikasirika. Saa moja na nusu nilikuwa nimetoa mfuko mmoja kwenda wodi ya wazazi bila shida yoyote. Saa mbili kioo kikaniandikia kwamba kompyuta imeshindwa kuunganishwa kwa usalama. Nikaifunga programu, nikaifungua. Nikaipiga kompyuta kofi la ubavuni. Maneno yaleyale. Kuizima yenyewe sikuthubutu, na sababu nilikuwa naijua mimi peke yangu.

Chumba cha upasuaji kilitaka mifuko miwili kabla ya saa tano, na bila programu hakuna mfuko unaotoka. Nikampigia simu shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali nzima. Alikuja saa tatu, begi mgongoni, anatafuna karanga.

“Shemeji, umeiua saa ngapi hii?”

“Ukiniletea utani leo, karanga hizo utazimeza na maganda yake.”

Akacheka, akavuta kiti changu bila kuomba. Akakagua waya, akafungua hiki na kile. Mtandao ulikuwa mzima. Programu ya majibu ya maabara nayo ikagoma, barua pepe nayo ikagoma.

“Zote zinazohitaji usalama zimekataa,” alisema. “Apdeti za usalama umeweka lini mara ya mwisho?”

“Juzi juzi.”

Akabonyeza mahali, akasoma, akanitazama kwa jicho la pembeni. Ilikuwa imepita miezi minane.

Ukweli ni huu. Miezi minane nyuma kompyuta ile ilijianzishia masasisho yenyewe mchana kweupe, wakati mama mmoja anavuja damu kwenye chumba cha upasuaji. Kioo kikageuka buluu, kikaandika subiri, usizime, asilimia tatu. Tulisubiri dakika arobaini, daktari ananipigia simu kila baada ya dakika mbili. Mama yule alipona, lakini mimi sikupona hofu. Tangu siku hiyo, kila ombi la kusasisha lilipojitokeza, nilibonyeza “baadaye”. Kisha, siku kumi na moja zilizopita, nikaambiwa baadaye zimekwisha: saa nne asubuhi kompyuta itajizima, nipende nisipende. Karani wa mapokezi ndiye aliyenipa dawa. “Irudishe tarehe nyuma,” alisema, “itanyamaza.” Nikairudisha wiki mbili kamili, ili Jumatatu ibaki Jumatatu na mtu asishtuke. Ikanyamaza kweli. Nilijiona mjanja wa wajanja.

Hayo yote sikumwambia shemeji. Nilikuwa naogopa kuchekwa, na kuogopa barua ya onyo. Nilisimama nyuma yake nikiomba arekebishe tatizo bila kutazama pembeni mwa kioo.

Akatazama.

“Shemeji, leo tarehe ngapi?”

“Si hiyo hapo. Umesahau kusoma?”

Akatoa simu yake mfukoni, akaiweka kando ya kioo. Akaacha kutafuna.

“Nani kaichezea?”

“Mimi,” nilisema, na sauti ikatoka ndogo kuliko nilivyoizoea. Nikamweleza.

Hakunicheka. “Sasa sikiliza,” alisema. “Kila programu ikifunguka, inaiomba seva, ile kompyuta kuu ya hospitali, kitambulisho. Seva imepewa kitambulisho kipya leo asubuhi. Kompyuta yako inadhani bado tuko wiki mbili nyuma, kwa hiyo inaona kitambulisho ambacho siku yake haijafika, inasema huyu tapeli. Narekebisha tarehe, itafunguka. Halafu apdeti zote tunaweka leo leo, hata ukigaagaa hapo chini.”

Nikashusha pumzi. Kumbe ni hilo tu. Akarekebisha, na programu ikafunguka kama haijawahi kunitesa. Furaha yangu ilidumu nusu dakika.

Orodha ya majokofu ilikuwa ya kijani, mstari hadi mstari. Ghafla mstari wa kwanza ukageuka mwekundu. Ukafuata wa pili. Ikafika mitano.

Mwekundu maana yake muda umepita. Damu zetu hukaa jokofuni siku thelathini na tano, basi. Baada ya hapo hazifai kuingizwa kwenye mshipa wa mtu. Programu ndiyo inayohesabu siku hizo, na inahesabu kwa tarehe ya kompyuta. Tena utaratibu wetu ni kwamba mfuko ulio karibu na mwisho wake ndio unaotangulia kutoka. Siku kumi na moja programu ilikuwa ikinipa mkononi mifuko iliyochakaa kuliko yote na kuniambia ni mizima. Na mimi mwenye mdomo nilikuwa nikisoma tarehe kwenye lebo, nikiilinganisha na ile ya pembeni mwa kioo, nikiipitisha. Tarehe niliyoiweka mwenyewe.

“Shemeji,” nilisema, “fungua ya leo asubuhi.”

Akaifungua. Wodi ya wazazi, kitanda cha nne. Muda wa mfuko ule ulikuwa umepita siku sita.

Nikapiga simu wodini. Ikaita, ikaita, haikupokelewa. Nikatupa mkono wa simu mezani, nikatoka mbio. Mimi ni mtu mzima, magoti yangu hayanisikilizi hata kwenye ngazi za kushuka, lakini ghorofa mbili zile nilizipanda sijui kwa miguu ya nani. Nilikuwa nahesabu. Saa moja na nusu nimeutoa, labda saa mbili umetundikwa, sasa ni saa tatu na nusu. Kila ngazi nilijiambia labda wamechelewa, labda sindano imekataa, labda leo kuna muuguzi mvivu. Sijawahi kuombea uvivu kazini kama siku ile.

Hawakuchelewa. Mfuko ulikuwa unaning’inia juu ya binti mwembamba mwenye kichanga ubavuni, na umebaki nusu. Nikaufunga mpira kwa vidole vyangu kabla sijamsalimu mtu.

“Mama Friji, vipi tena?” muuguzi akauliza, shuka mkononi.

“Toa hiyo. Muite daktari. Sasa hivi!”

Binti akanitazama, kisha akautazama mfuko. “Kuna nini, mama?”

“Unajisikiaje, mwanangu?”

“Baridi tu kidogo.”

Neno lile likanikata maini. Damu iliyoharibika huanza hivyo, kwa baridi, kisha homa, kisha presha inaporomoka na huna cha kufanya. Nikamfunika blanketi mpaka kidevuni. Kichanga kikaamka, kikalia.

Daktari wa wodi akafika, mwanamke wa maneno machache. Akapima joto, akapima presha, akaagiza mfuko upelekwe maabara na binti apimwe kila robo saa. Joto lilikuwa limepanda kidogo. Huenda ni damu, huenda ni chumba, alisema, tusubiri.

Nikatoka ukumbini, nikaegemea ukuta. Shemeji alikuwa amenifuata. Mifuko ya upasuaji, aliniambia, imetolewa na mtu wa maabara, na yeye mwenyewe ameisoma tarehe mara tatu kwa kalenda ya ukutani. Kisha akasogea karibu.

“Nitaandika hitilafu ya mashine,” alinong’ona. “Kompyuta kuukuu, apdeti hazikuwekwa, tarehe ikajiharibu. Hakuna atakayechimba.”

Nisidanganye, nilitamani. Nilikiona kitanda changu cha nyumbani, mume wangu akiniuliza siku imeendaje, na mimi nikimjibu njema. Nilimshika shemeji mkono na sikuuachia.

Saa saba na nusu joto la binti lilishuka. Presha ilikuwa nzuri, alikuwa ananyonyesha na kulalamika njaa. Daktari akatoka, akasimama mbele yetu.

“Imekuwaje?”

Shemeji akafungua kinywa. Nikamtangulia. “Ni mimi, daktari. Niliirudisha nyuma tarehe ya kompyuta ili isijizime. Wiki mbili. Mashine haina kosa.”

Nilitarajia anifokee. Afadhali angenifokea.

“Wengine wangapi?” aliuliza.

Swali hilo nilikuwa nimelikimbia tangu kwenye ngazi. Tukashuka wote watatu chumbani kwangu. Shemeji akaiamuru programu itoe kila mfuko uliotolewa baada ya muda wake. Ikaleta mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa binti. Wa pili ulikwenda kwa kijana aliyevunjika mguu. Daktari akapiga simu wodini, akaambiwa anacheza karata na majirani zake wa kitanda. Wa tatu ulikwenda kwa seremala mmoja wa miaka sitini na miwili, siku tano zilizopita. Pembeni ya jina lake programu ilikuwa imeandika neno moja tu: amefariki.

Daktari akaagiza faili. Akasoma amesimama, akarudia ukurasa uleule mara mbili.

“Alikuwa na saratani, imeshaenea,” alisema. “Homa ilimpanda saa mbili baada ya damu. Tulidhani ni ugonjwa wake.”

“Ni ugonjwa wake?” niliuliza.

“Sijui.”

“Daktari, niambie ndiyo au niambie hapana.”

“Mfuko ulishachomwa, na yeye ameshazikwa. Hakuna atakayejua.” Akaufunga ukurasa. “Lakini familia lazima ijue. Nitawapigia mimi.”

Sijui nguvu niliitoa wapi. Nilimwomba anisomee namba, nipige mimi. Akanisomea taratibu, kisha akakaa pembeni yangu, kwenye stuli ya kupandia rafu za juu. Simu ikapokelewa mara moja, sauti ya mwanamke mtu mzima, na nyuma yake sahani zikioshwa. Nikamwambia naitwa nani na natokea wapi, chumba cha damu, hospitali.

“Ooh, watu wa damu!” alisema. “Mlihangaika sana na mume wangu, mama. Mungu awalipe.”

Shemeji akageukia ukutani.

“Mama,” nilisema, “ngoja kwanza unisikilize.”