Mahali Aliposimama Mama

Sebuleni kwetu kulikuwa na alama tatu za chaki sakafuni: mbili za spika, moja ya kiti. Nikifagia nilizikwepa. Nikipangusa sakafu kwa maji, baba alikuja nyuma yangu na kuzichora upya, akipima kwa utepe kana kwamba anajenga nyumba.

Baba alikuwa fundi redio kwa zaidi ya miaka thelathini. Spika zile aliziunda kwa mikono yake, kuanzia mbao hadi nyaya. Mwaka nilioanza shule, alisimamisha maikrofoni mbili mle mle sebuleni akamrekodi mama akipiga pasi huku akiimba. Mama ametutoka mwaka wa sita sasa. Kanda ipo.

Ukikaa kwenye kile kiti na kanda ikizunguka, unasahau kama kuna spika. Unamsikia mama mbele yako, katikati, pale ilipokuwa meza yake ya pasi, kwa kimo cha mtu aliyesimama. Pasi inakwenda kulia, inarudi kushoto. Kuna mahali anakatiza wimbo na kucheka: "Wewe mwanaume, zima hicho kidude, watu watanicheka!" Halafu anaendelea kuimba. Kila alasiri baba alikaa naye hivyo. Hatukuingia.

Kaka alikuja likizo na boksi kubwa kuliko mlango. Hom thieta: spika tano ndogo, sabufa moja, na rimoti yenye vitufe vingi kama madoa ya kanga.

"Mzee ametuhudumia maisha yote," alisema. "Acha na yeye afaidi. Mdogo wangu, unaonaje?"

Nilimwona alivyotokwa na jasho, alivyofurahi. Nikashindwa kumkatalia.

"Ni nzuri," nikasema.

Baba alikuwa dukani. Aliporudi, spika zake mbili zilikuwa zimeshapelekwa kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, amplifaya yake ya kukuzia sauti iko stoo, na kiti kimesukumwa ukutani. Kaka aliweka filamu. Helikopta ikapita juu ya vichwa vyetu, vikombe vikatetemeka kabatini. Baba alitabasamu, akampa mkono mwanawe, akasema ahsante. Kisha akaomba kanda ya mama.

Kaka alijua kuunganisha, na akaunganisha. Mama akaanza kuimba. Aliimba kutoka kwenye kona, akaimba darini, akaimba nyuma ya makochi. Pasi ikaunguruma chini kama lori. Baba alitazama kila upande, kama mtu aliyeitwa sokoni asijue nani kamwita.

"Sauti imejaa, sivyo?" kaka aliuliza.

"Imejaa, mwanangu," baba alijibu. Halafu, taratibu: "Ila mama yenu hakuwahi kunisemea kisogoni."

Tulicheka. Kaka aliondoka Jumapili akiwa na furaha. Baba hakuiomba tena ile kanda.

Wiki mbili baadaye nilivuka barabara kwenda kwa kinyozi. Maneno nilikuwa nimeyapanga, yakanitoka yote mlangoni. Kinyozi alinisaidia.

"Umefuata spika, dada? Zichukue. Mzee wako amenyolewa mara tatu wiki hii, na nywele zenyewe sizioni. Jana nimempitishia mashine hewani tu, macho kafumba, anasikiliza spika zake."

Tulizibeba pamoja. Baba alikuwa amekwenda posta, nikaona nimalize kabla hajarudi. Nilirudisha amplifaya, nikaziweka spika kwenye alama zake, zilizokuwa zimefifia. Nikaweka kiti. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikakikalia mwenyewe, kujaribu.

Mama alikuwa dirishani. Si mezani. Alikuwa mbali kushoto, kama mtu anayejiandaa kutoka.

Nikadhani kinyozi ameiharibu spika ya kulia. Nikakagua nyaya, nzima. Ndipo nikaitazama amplifaya. Ile swichi ya kuzungusha, inayogawa sauti kati ya kushoto na kulia, ilikuwa imezungushwa kushoto karibu na mwisho. Kaka hakuigusa swichi hiyo; amplifaya aliichomoa tu akaipeleka stoo. Pembeni ya swichi kulikuwa na vistari vya penseli, vidogo vidogo, kila kimoja kimeusogelea mwisho kuliko mwenzake.

Nikairudisha katikati. Mama akarudi mezani. Nikalia.

Baba aliingia na barua zake, akasimama. Alikaa, akafumba macho, akasikiliza.

"Amesogea," alisema. "Umegusa?"

"Nimegusa, baba."

Akainuka, akaizungusha ile swichi kushoto, polepole, kichwa kimeinama. Ilivuka vistari vyote ikagonga mwisho. Akaisukuma tena kwa kidole gumba. Haikwenda.

"Kwako wewe yuko wapi?" aliniuliza.

Ningeweza kusema yuko mezani. Ni neno moja tu, na lingempendeza.

"Yuko dirishani, baba."

Alitikisa kichwa kukubali. "Sikio hili la kushoto linaniaga tangu mwaka jana. Kila baada ya muda namkuta amesogea kulia, namrudisha."

"Kaka anajua?"

"Akijua ataninunulia na masikio."

Alicheka peke yake. Kwenye kanda mama naye akafika pale anapocheka. Baba akanyamaza ili asimkose. Kisha akainuka, akakivuta kiti nje ya alama, kiasi cha shibiri moja, kuelekea spika ya kushoto. Akakaa. Akainuka, akakivuta tena.

Chaki yake ilikuwa juu ya kabati. Niliichukua, nikapiga magoti kando yake, nikisubiri atulie nimchoree alama mpya. Mama alimaliza wimbo, akaizima pasi. Baba alikuwa bado anakisogeza kiti.