Kidole Kilichojua Kikroeshia

Syokau wa Kalamba alikuwa kibarazani akipukuchua mahindi pale kidole gumba chake cha kulia kilipoanza kusoma mkataba. Kilisoma ibara ya kwanza kwa Kikroeshia, kisha kikairudia kwa Kikamba. Syokau akakiacha kimalize, akaendelea kupukuchua kwa mkono wa kushoto.

"Kilikuwa wapi siku hizi zote?" akauliza Mutindi, jirani yake, aliyekuja kuomba chumvi.

Swali la haki kabisa. Mwaka wa themanini na tatu, kampuni ya barabara kutoka Zagreb, kwa Wakroeshia, ilikuja kumwomba njia ya malori kupita shambani mwake hadi mtoni, kiangazi kimoja tu, mama, halafu tunaondoka. Syokau hakujua kusoma. Akachovya kidole kwenye wino, akakandamiza karatasi. Malori yakaja, na wala hayakupita: yalizoa. Yalizoa mchanga wote ambao wanawake walikuwa wakiufukua kupata maji, mto ukabaki mwamba mtupu, na sasa punda wake anakwenda hadi Matiliku kwa mitungi miwili.

Alipokwenda kushtaki, hakimu aliigeuzageuza ile karatasi, akasema mahakama haisomi Kikroeshia, alete mfasiri. Ati yeye ndiye alete! Kampuni iliyoandika lugha hiyo haikuambiwa ilete chochote. Syokau akaulizia kwa wamishenari, akaulizia shuleni, akashuka Emali kwa madereva waliowahi kuwaendeshea wageni hao. Madereva walijua matusi tu, nayo hayakuwemo mkatabani. Kesi ikawa inaahirishwa, na mchanga unakwenda.

Basi kesi ilipotajwa tena, Syokau akainua kidole. Karani akakiapisha kwa Biblia na kukiandika Mprotestanti. Kikasoma bila kukwama: mchanga wote, maji yaliyo chini ya mchanga na ukingo wa mto ni mali ya kampuni kwa miaka thelathini. Njia ya malori haikutajwa popote. Wakili wa kampuni alikiri kwamba tafsiri ni safi, akasifu hata matamshi.

Syokau akapumua. Sasa kila mtu amesikia, alijiambia.

"Mama," hakimu akasema, "hiki ndicho kidole ulichowekea sahihi?"

"Ndicho, mheshimiwa."

"Na kinajua Kikroeshia."

"Mmekisikia wenyewe, mheshimiwa. Kilijifunza kwa hiyo karatasi yao, baada ya mimi kuumizwa."

"Kilijifunza lini si juu yetu. Kidole kilichotia sahihi kinaelewa mkataba. Hukudanganywa. Kesi imetupwa."

Syokau akageuka kuondoka. Alikuwa amefika mlangoni karani alipomwita arudi. Kulikuwa na wenzake wa ng'ambo ya mto walioweka vidole kwenye mkataba uo huo na kushtaki kama yeye, na mahakama haikuwa tena na sababu ya kuwaahirishia. Akaamriwa akae. Kidole kikawasomea mmoja mmoja. Kila kilipomaliza, hakimu alimuuliza mwenye shamba kama sasa amesikia vizuri, naye alipojibu ndiyo, aliandikwa kuwa ameelewa, na kesi yake ikatupwa.

Ilipofika zamu ya mzee Nzomo, Syokau akakifumbata kidole ndani ya ngumi na kukibana kwa nguvu zake zote. Sauti ikatoka vilevile, ibara kwa ibara, na hakimu akaandika.