Bima ya Filister

...na neno lenyewe ni fupi, hakuna, mtu anaandika hakuna anaendelea na maisha yake, hivyo ndivyo Derrick alivyosema kwa ile sauti aliyonitumia nikiwa nafungua kibanda, "Annet, hapo kampuni ya bima inapouliza kama mtoto ana ugonjwa wa zamani, andika hakuna, usianze kueleza," halafu akakohoa, kule Ufini ni baridi sasa, nami nikatia simu kwa mfuko wa aproni, nikamkalisha Wamuyu, nikamchana, nikaanza rasta, na mume wangu bado sijamjibu... Wamuyu anasema nisizifanye nene, harusi ya dadake ni ya kanisa na hataki kuonekana kama amebeba kiondo kichwani, nasema sawa, vidole vinagawa, vinavuta, vinapitisha uzi, haviniulizi kitu, kichwa ndicho kimekwama kwa bima, kwani nilijua nini mimi, nilidhani baba akipata nafasi ya kusoma basi mke na mtoto wanapeleka cheti cha ndoa na picha wanapanda ndege, kumbe kule kila mtu wa familia ya mwanafunzi lazima awe na bima yake ya matibabu ndipo apewe kibali cha kuishi, asije akawa mzigo wa serikali yao, na kampuni nayo inataka kujua unakuja na nini mwilini, mimi wamenikubali, sina kitu, amebaki Filister, na Filister wangu ana siko seli, amezaliwa nayo, damu inajikunja inaziba mishipa na mifupa inawaka moto... Wamuyu anacheka, sijasikia alichosema, nami nacheka kidogo, anaendelea, ni mambo ya keki, shemeji yake ametaka keki ya gorofa tano na ukumbi wenyewe ni wa hema... nikiandika hakuna nani atajua, hana alama usoni, ni mtoto tu, anaruka kamba na wenzake hapa Gatina mpaka jioni, wiki nyingine zinapita mtu anasahau, mimi mwenyewe nasahau, mpaka Julai ije na ile baridi yake, kama siku ile mwalimu alinipigia nikamkuta kwa benchi nje ya darasa, ameshika muundi kwa mikono miwili, halii, midomo imekauka, nikambeba mgongoni, wakati huo tulikuwa tukiishi Kibera karibu na Nereah dadake Derrick, nikakimbia naye mpaka kliniki, na Derrick akatukuta huko na vumbi la saruji kichwani, ametoroka kazi ya mjengo, akalala sakafuni chini ya kitanda cha mtoto siku zote alizolazwa, akimkanda miguu kwa maji moto, kwa hivyo sitaki mtu aniambie Derrick hampendi mtoto, ni mapenzi ndiyo yanamfanya aseme uongo, sasa kule Ufini anaosha vyombo kwa mkahawa akitoka darasani, anarudi kwa chumba anaongea na picha yetu... Nereah yeye anasema niende peke yangu, nimwachie Filister pale Kibera, ataletwa baadaye, baadaye gani, na ugonjwa ule si wa kuachia mtu, hata kama mtu huyo ni shangazi... shika hapa, namwambia Wamuyu, anashika kishungi cha uzi, na kuna kile kipande cha mwisho cha sauti ya Derrick, nimekuwa nikikiruka tangu asubuhi, "na umfundishe Filister mapema, wakimuuliza ubalozini aseme hajawahi kulazwa, hajawahi kuumwa miguu," nani amfundishe, ni mimi, na yule nesi wa kliniki, Muli, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, aliinama akamwambia Filister mwenyewe, si mimi, "mguu ukianza usingoje mama aone, sema, mwambie mtu yeyote mzima aliye karibu," tukakaa tukifanya mazoezi kitandani, mimi nikijifanya mwalimu, mimi nikijifanya jirani, mpaka akaweza kusema bila aibu, na sasa nianze kumfunga mdomo... namwona huko, shule ya kule, theluji mpaka dirishani, amekaa kwa benchi, mfupa unawaka, mwalimu anainama anamuuliza kwa lugha yao una nini mtoto, naye anatafuta kichwani jibu nililompa, anasema sina kitu, mama alisema nisiseme, anangoja, na mimi sipo... Mungu wangu, nilikuwa naogopa kunyimwa kibali, siku hizi zote nimekuwa nikiogopa karatasi... "Annet, hapo umevuta sana," Wamuyu anasema, nasema pole, nalegeza, nafungua nasuka upya, sitaandika hakuna, nitaandika ndiyo na jina la ugonjwa, kampuni hiyo ikikataa tutauliza nyingine, zote zikikataa Derrick amalize masomo arudi atukute hapahapa, atakasirika, atanyamaza kwa simu, kunyamaza kwake nakujua na kunaniuma, lakini huyo ni mtu mzima, anaweza kunyamaza na asife... Wamuyu ananitazama kupitia kioo, "na nyinyi mnasafiri lini?" anauliza, mtaa mzima unauliza hivyo, na kila siku nasema karibu tu, mambo yako sawa, na sasa mdomo unafunguka wenyewe, "sijui kama tutasafiri, mtoto wangu ana siko seli, na watu wa bima nitawaambia hivyo," nayasikia maneno yakitoka, hayana haya, Wamuyu anainamisha tu kichwa nifikie nywele za kisogoni, na hofu bado iko, haijaenda popote, imekaa kifuani palepale, ila sasa naweza kupumua nayo, na upande wote wa kushoto bado sijaugusa, nachomoa uzi mwingine, nagawa nywele, naanza...