Kifaru cha Tani Elfu Moja

Kifaru cha vita ambacho dunia haijapata kuwa nacho kiliundwa sebuleni kwangu, Toangoma, kati ya kochi na friji, na fundi wake ni mimi. Urefu wake ni mita moja. Kingekuwa cha kweli kingekuwa na mita thelathini na tano na uzito wa tani elfu moja, na kazi yake ya kwanza ingekuwa kuibomoa nyumba ya jirani ili kifike barabarani.

Sikukibuni peke yangu. Binti yangu Farida alinionyesha mchoro wake kwenye simu. Mainjinia wa Ulaya walikichora wakati wa vita kuu, wakabishana, vita vikaisha, kikabaki karatasini. Nilikipenda papo hapo. Mimi nami nilikusudia kuwa injinia, nikabaki karatasini.

Nilisoma shule ya usiku. Mchana nilikuwa karani wa stoo ya vipuri katika kiwanda cha nguo, na jioni nilikaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu, magoti yakikaribia kidevu, nikisoma aljebra na kemia. Cheti ninacho. Kimetundikwa ukutani juu kidogo ya picha ya harusi, na mke wangu Chausiku husema msumari ule ulikuwa wa saa.

Kila mwaka kata yetu hufanya maonyesho ya elimu ya watu wazima katika uwanja wa shule ya msingi. Tuliosoma ukubwani huja kuonyesha faida yake. Wenzangu huleta sabuni ya maji, batiki, achari, majiko. Mimi nilikuwa naleta cheti. Watu walisimama, wakakitazama, wakasema, "Hongera mzee," wakaenda kununua achari. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Na mtu aliyesoma, mkimnyima swali, mmemnyima chakula. Mwaka huu niliapa kwamba nitaweka mezani kitu ambacho hakuna binadamu atakayekipita bila kuuliza.

Nikamwendea Eufrazia, afisa elimu wa kata, kuomba meza.

"Shikamoo mzee Kondo. Tunaleta cheti tena?"

"Marahaba mwanangu. Naleta kifaru cha vita. Cha mfano."

Alishusha kalamu. "Mzee wangu, mwaka huu kipaumbele ni nishati safi ya kupikia."

"Wewe andika sayansi na ufundi."

Akaandika "ufundi". Sayansi aliiacha, nami nikaona nisimbane sana.

Magurudumu nilitumia vizibo vya soda. Kifaru cha namna hii kina magurudumu mengi kuliko harusi ya Kizaramo ilivyo na mashangazi, na mimi soda nimekatazwa kwa sababu ya sukari. Kwa hiyo nikawa nahudhuria kila sherehe ya mtaa, nimeinama chini ya meza za watu. Minyororo niliikata kwenye ndala. Chausiku alizitafuta ndala zake za bafuni nyumba nzima, mpaka alipozitambua zikiwa zimeshazunguka magurudumu. Mwili ni plaiwudi. Mzinga ni bomba nene la maji, nikauinua uelekee angani, maana mzinga ulioinama una huzuni. Lakini fahari yangu ilikuwa kichwa, yaani ule mnara unaozunguka na kubeba mzinga. Nilikichonga kwa lile povu gumu jeupe linalokuja limeishika friji mpya ndani ya boksi, nikakivika magazeti na gundi, nikakipaka puti, nikapiga msasa mpaka kikawa laini kama yai. Wageni walikigonga na kuuliza kama ni chuma. Nilikuwa nanyamaza kidogo kabla ya kujibu, ili nifaidi.

Aliyekuja kugonga mara nyingi kuliko wote ni Fredrick Maganga, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, na makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara. Ananisema, namsema, na sheria ni moja tu: hakuna kununa. Atakayenuna anatozwa faini, na mtozaji ndiye anayechagua faini yenyewe.

"Mzaramo na vita wapi na wapi?" aliniambia. "Nyie vita yenu ni kugombea nafasi karibu na ngoma kwenye kigodoro."

"Afadhali sie tunacheza. Nyie mlibeba mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, mkaitua, mkauliza kama hakuna ya kurudi nayo."

Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akachungulia ndani ya kifaru. "Hawa askari wako wanajisaidia wapi?"

"Wako vitani, bwana!"

"Tani elfu moja, mtani, halafu mtu abanwe?"

Alipoondoka nilikitazama kifaru kwa muda mrefu. Mpinzani akiwa na hoja, msomi huikubali. Nikakata ubavu wa nyuma, nikaweka choo, chenye mlango unaofunguka na kufungwa. Kisha nikaona choo bila mahali pa kutawadha ni ushenzi, nikaongeza na hapo.

Rangi niliiacha mwisho. Nilipiga mabaka ya kijani, kahawia na nyeusi, rangi ya mafuta, kwa brashi ndogo ya wanja niliyoiazima kwa Farida bila yeye kujua. Kazi ilikamilika Ijumaa, maonyesho yakiwa Jumatatu. Maganga aliingia, akasimama mlangoni, akavua kofia. Nilidhani ni heshima.

"Mtani, mabaka haya umeyapatia kibali?"

"Kibali cha nini?"

"Raia na mabaka ya jeshi! Kwani we husikii matangazo? Kuna jamaa Chamazi alivaa kofia tu. Kofia, mtani. Mpaka leo ukimwita kwa nyuma ananyoosha mikono juu."

"Hayo ni mavazi. Hiki ni cha mbao."

"Ndiyo maana nauliza. Kofia inafunika kichwa kimoja. Hiki chako kinafunika kikosi kizima, na Jumatatu unakipeleka mwenyewe kwa mgeni rasmi." Akavaa kofia yake, akaaga kwa sauti ya msibani.

Mtu asiyesoma angecheka, akalala. Mimi nina elimu, kwa hiyo niliogopa kwa mpangilio. Nilijiona nimesimama mbele ya meza ya mtu mwenye nyota mabegani, nikimweleza kwamba mzinga wangu ni bomba la maji. Nikajiuliza kama choo kitanipunguzia au kitaniongezea kosa. Chausiku alikuwa kwa dada yake Mbweni, hakukuwa na mtu mwenye akili nyumbani wa kunizuia. Nikachukua chupa ya tina, ile dawa ya kuzimulia rangi ya mafuta, nikalowesha kitambaa, nikaanza kufuta mabaka.

Yalitoka vizuri. Nikafurahi, nikaongeza tina. Pale mzinga ulipoingia kichwani palikuwa na ufa mdogo, na tina ikaona njia. Nikasikia kitu kinanong'ona ndani, ssss. Kichwa kikakunja uso. Kikanywea upande mmoja, kisha wa pili, magazeti yakajikunyata, na mzinga ukainama polepole kama mtu anayeomba radhi. Ndani ya povu tina ilikuwa imeshapita na kula kila kitu, na nilichobaki nacho kilifanana na embe bovu.

Jambo linalouma ni kwamba nilijua. Tina huyeyusha povu lile kama maji yanavyoyeyusha sukari. Wiki ile ile nilikuwa nimemhutubia Farida juu ya jambo hilo, yeye akiwa amesimama na begi begani, anachelewa kazini, nami nikimwambia asubiri nimalizie sababu ya pili.

Chausiku aliporudi alitua kanga yake kwenye kochi, akatazama. "Baba Farida, nani kakikalia?"

"Kemia," nikasema, nikaingia chumbani.

Asubuhi Maganga akaja, anacheka tangu getini. "Mtani! Nasikia umelisalimisha jeshi lote peke yako! Mie nilikuwa natania, kifaru cha vizibo nani atakikamata?"

Alinipa mkono, nikauacha hewani. Nilimgeuzia mgongo nikawa natazama cheti changu.

Chausiku, Mzaramo mwenzangu, mke wangu wa ndoa, akasema kutoka jikoni: "Huyo kanuna. Mie shahidi."

"Kanuna!" Maganga alirukaruka, umri wake wote ule. "Mama Farida, umesikia mwenyewe! Mtani hanuniwi. Faini!"

"Sema faini yako," nilimwambia, bado natazama ukuta.

"Kichwa kipya cha kifaru nachagua mie. Na kitakaa hapo Jumatatu nzima, huna ruhusa ya kukiondoa."

Alirudi na sufuria. Sufuria ya ugali, ya watu wengi, nyeusi kwa masizi, haina vishikio. Akaigeuza juu chini, akaikalisha juu ya kifaru, akatoboa tundu, akachomeka mzinga wangu kwa nguvu ukasimama wima. Ningeweza kukataa, lakini mtu anayekataa faini ya utani hazikwi vizuri. Mwili uliobaki na mabaka nusunusu niliupaka rangi nyeusi iliyobaki tulipopaka nondo za madirisha. Jumatatu asubuhi tulikibeba, yeye mbele mimi nyuma, na katika njia nzima hakuna aliyetuuliza ni nini. Hilo lilipaswa kunishtua.

Eufrazia alinipangia meza kati ya mwenye achari na Somoe, mama wa Kimakonde anayetengeneza majiko ya udongo yanayokula mkaa kidogo. Somoe alikizunguka kifaru changu mara moja, mikono kiunoni.

"Shikamoo baba. La kwako linakula kuni au mkaa?"

Kabla sijapata jibu lenye hadhi, mgeni rasmi akafika na msafara wake na mpiga picha. Alipita sabuni, akapita batiki, akapita majiko ya Somoe, akasimama mbele yangu. Akainama.

"Aah! Huu sasa ndio ubunifu. Mzee, moshi unatokea huku juu, sivyo?"

Swali. Nilikuwa nimelisubiri swali miaka yote ile, na sasa limekuja, limevaa suti, na mpiga picha pembeni.

"Ndiyo, mheshimiwa," nikasema.

"Na haya magurudumu?"

"Ya kulihamishia. Mvua ikinyesha."

Watu wakapiga makofi. Eufrazia alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nami, badala ya kuona haya, nikavimba. Nikaongeza kwamba umbo lake linazuia upepo, na kwamba nimelifanyia hesabu.

"Na mkaa unaingia hapa," mgeni rasmi akasema, akafungua kile kimlango cha nyuma.

"Hapo hapo, mheshimiwa."

"Basi tuwashie tuone!" akasema Somoe, tayari ana kiberiti mkononi na vipande vitatu vya mkaa kwenye kibati. Sikuona hila usoni mwake. Mpishi akiona jiko anataka kuona moto.

"Washa, mtani!" Maganga akapaza sauti nyuma ya umati. "Washa tule!"

Niliitazama plaiwudi. Nilivitazama vizibo, nikakumbuka kila meza niliyoinama chini yake. Somoe alipiga kiberiti, akakikinga kwa kiganja, akausogeza moto mlangoni.

"Acha!" nilipiga kelele. "Hapo ni choo!"

Mgeni rasmi akatoa kidole chake haraka.

"Choo?"

"Cha askari, mheshimiwa. Hili si jiko. Ni kifaru cha vita cha tani elfu moja, hakijapata kuundwa popote duniani, nimekiunda mimi Kondo wa shule ya usiku, na hicho juu ni sufuria kwa sababu nilinuna."

Sijawahi kusikia uwanja wa shule ukicheka namna ile. Mwenye achari aliegemea chupa zake zikagongana. Eufrazia alijifunika uso kwa ratiba. Mgeni rasmi naye alicheka, akanipiga bega, akasema, "Haya mzee, hongera," akaenda kuonja achari. Mpiga picha akamfuata.

Nilibaki nimesimama nyuma ya meza yangu. "Hongera mzee" nilikuwa nayo ya kutosha kufungulia duka. Nikaanza kutafuta kitambaa cha kukifunikia kifaru.

Somoe hakuwa ameondoka. Kiberiti kilikuwa kimeshazima vidoleni mwake.

"Tani elfu moja?" akasema. "Kingepita wapi?"

"Ndilo tatizo lenyewe, mwanangu. Kisingepita."

"Daraja la Kigamboni?"

"Lingekubali tembo, si hiki."

"Nani kasema?" akadakia mwenye achari, akifuta machozi. "Daraja lile linabeba malori foleni nzima. Foleni nzima ya malori ni tani ngapi?"

"Malori yamejitandaza," nikasema. "Hiki uzito wake umesimama pamoja."

"Basi kipakie kwenye pantoni."

"Pantoni izame na watu!" akasema mama mmoja wa batiki, akisogea. "Kizunguke Kongowe."

"Kongowe ile ya mashimo?"

"Mashimo kitayasawazisha, si tani elfu moja!"

"Kitatitia," akasema Maganga, akiwa ameshafika mbele, hacheki. "Mtani, hebu sema kweli. Kitatitia, hakitatitia?"

"Inategemea upana wa mnyororo," nikamwambia. "Ukiwa mpana, uzito unagawanyika."

"Upana gani?"

Nikageuza ubao wa tangazo la achari, mwenyewe akalalamika kidogo tu, nikaomba chaki, nikaanza kugawa tani elfu moja mbele ya watu. Mara ya kwanza nilikosea. Nikafuta kwa kiganja, nikaanza upya, na hakuna aliyeondoka.