Siku Tatu Bila Esansi

Usumani alikuwa mtu wa kutania hata msibani, kwa hiyo siku alipotoa wazo la maana hakuna aliyejua kama acheke ama aitikie.

Redio ilikuwa imetangaza bei mpya ya esansi, mafuta ya magari na pikipiki. Motari, wabeba abiria wa parikingi ya Muhima, walikaa juu ya pikipiki zao kama watu waliofiwa na shangazi mmoja.

"Inapanda sababu tunanunua," Usumani akasema. "Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, mtu asiweke hata tone. Iwaozee wenye vituo kwenye mashimo yao! Watatubembeleza wenyewe."

"Kwani esansi inaoza?" Nkusi akauliza.

"Ya kwako haijawahi kulala kwenye tanki, utajuaje?"

Walicheka, kisha, ajabu, wakakubali. Wakaapa mmoja mmoja. Usumani akaapa mwisho, mkono kifuani.

Jumamosi hiyohiyo dada yake, Gaju, alikuwa anatoka hospitali kule Ndera, baada ya miezi mitano ya kutibiwa akili. Mara mbili Usumani alikuwa ameahidi kwenda kumwona, na mara mbili akapata abiria wa njia nyingine.

"Usinitanie, kaka," Gaju alisema kwenye simu.

"Saa nne kamili niko getini, wallahi."

Tanki lilikuwa na kiasi cha kumfikisha, akijibana. Basi Alhamisi na Ijumaa akabeba abiria wa mteremko peke yao. Alizima injini Rwezamenyo, akateleza kimya hadi Nyabugogo, kisha akapanda akiisukuma pikipiki, jasho likimtiririka ndani ya kasike, kofia yake ngumu.

"Leo nashusha tu, mama, sipandishi."

"Na kurudi je?"

"Mungu amekupa miguu miwili, mimi ameninyima hata esansi."

Wenzake walimpita mlimani wakiwa na abiria, wakimpigia honi. Hawa jamaa wanajua kubana matumizi, akawaza, akawaonea fahari.

Jumamosi pikipiki ilikohoa ilipopita Mulindi, chini ya kilima cha Ndera, ikakohoa tena, ikazima mbele ya kituo cha mafuta. Ilikuwa saa tatu na nusu. Kwenye pampu alisimama Nkusi, tanki wazi.

"Nkusi! Leo si Jumamosi?"

"Ee, yangu iliisha. Si tulijaza wote Jumatano jioni? Foleni ilifika barabarani, kaka! Kwani wewe hukujaza?"

"Tulisema hatununui."

"Tulisema kuanzia Alhamisi." Nkusi alicheka, kisha akamtazama vizuri, akaacha kucheka. "Reka, acha hayo, njoo nikupe nusu lita. Hakuna mtu ataona."

Usumani alitazama bango la bei. Tarakimu zilikaa palepale, hazikuwa na habari naye. Nusu lita ingemfikisha kwa Gaju kabla ya saa nne. Lakini kama yeye naye ataweka, basi siku tatu zile alikuwa akimsukumia nani pikipiki?

"Nimeapa," akasema, akashika usukani na kuanza kusukuma.

Kilima hakikumwonea huruma. Alipofika getini ilikuwa imepita saa tano. Kasike ya pili, aliyomnunulia Gaju, ilining'inia mkononi.

Muuguzi alitoka peke yake.

"Alikaa pale kwenye benchi na mfuko wake tangu saa tatu," akasema. "Ilipofika nne na nusu akarudi ndani, akapanga nguo zake upya."

"Mwambie nimefika."

"Nimemwambia. Amecheka. Anasema kaka yake ni mtu wa utani."

"Mwambie tena, dada, tafadhali."

Muuguzi akaenda. Kutoka ndani Usumani akasikia kicheko cha Gaju, kirefu, kikapanda, kikageuka kilio, halafu mlango ukafungwa. Muuguzi aliporudi alisema kwa upole kwamba daktari hataki atoke katika hali ile. Wiki ijayo wataangalia. Labda.

Usumani akapanda pikipiki, akaiachia. Hakukuwa na injini ya kuzima. Mteremko ukamchukua bure, upepo machoni, ile kasike tupu ikigonga goti, ukamshusha mpaka chini na kumwacha palepale, mbele ya pampu ileile.

"Tuweke?" binti wa pampu akauliza.

Usumani akatafuta neno la kumchekesha, akalikosa. Akafungua kifuniko cha tanki.