Fimbo za Daktari Arasa

Phanice alikuwa amebeba mifuko ya gofu ya watu wengine kwa miaka kumi na mmoja kwenye uwanja mdogo wa Migori, mpaka Daktari Arasa alipostaafu akamwachia fimbo zake. "Wewe unacheza kunishinda," alimwambia. Mwaka huu Phanice akafuzu kwenda mashindano ya wanawake Mombasa, kedi wa kwanza wa klabu hiyo kufika huko.

Klabu ilikuwa na sanduku moja gumu la kusafirishia fimbo kwa ndege. Alipoliomba, katibu, Mzee Gordon, aliyekuwa kiongozi wa msafara, hata hakumtazama.

"Hilo nimeweka zangu, nyathina, mwanangu. Ijumaa nitacheza na wageni."

Basi Phanice akatumia mfuko wa turubai. Kila kichwa cha fimbo alikivisha soksi nzito, akazifunga zote pamoja kwa mpira wa baiskeli, akazizungushia blanketi. Katikati akachomeka mpini wa jembe uliozipita fimbo zote kwa urefu, ili mfuko ukitupwa kichwachini, mti ndio upokee kishindo.

Kwenye kiwanja cha ndege cha Kabunde, Homa Bay, karani wa mizani alisema kilo zao zimezidi.

"Nenda ukakaguliwe, mimi nitamaliza hapa," Gordon akamwambia.

Akaenda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege, na alipoliona ziwa toka juu alicheka peke yake.

Mombasa, alipofungua zipu, alikaa sakafuni. Hakukuwa na blanketi wala mpini. Draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, ilikuwa imekatika shingoni, na fimbo tatu za chuma zimepinda.

"Mzee, ulifungua mfuko wangu?"

"Nilitoa ule mti na ile blanketi. Ulitaka niache sanduku langu?"

"Si ungeniuliza."

"Nikuulize nini, na ndege inaondoka?" Kisha akalainisha sauti, na hapo ndipo Phanice alipoumia zaidi. "Usijali. Ijumaa sina kedi. Njoo unibebee, safari isiende bure."

Hakumbebea. Alicheza na fimbo zilizobaki. Mashimo ya karibu aliyaweza, ya mbali yakamshinda. Akamaliza wa pili kutoka mwisho.

Waliporudi Kabunde alikataa gari la klabu, akaenda Rodi Kopany, ambako Daktari Arasa alikuwa amefungua zahanati. Daktari aliitwaa ile draiva, akapitisha kidole pale ilipokatika.

"Gordon amenipigia. Anasema ulizifunga vibaya."

Phanice akamweleza yote, tangu kwenye mizani. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, macho yake ukutani.

"Gordon nimemjua miaka thelathini. Si mtu wa kufanya hivyo," akasema, akamrudishia vile vipande viwili.